Majani Hayalali

Nachapa hapa kurasa za shajara yangu ya zamani, moja moja, kadiri ninavyopata nguvu. Hii niliiandika mwaka wa 1997, nikiishi kwa mama upande wa Bomet. Sijaipunguza makali.

Jumapili, Septemba 1997

Mvua ya mawe imepiga leo kutoka Kericho mpaka huku kwetu, na majirani wanalia chai yao imechanika. Mimi sina chai ya kulilia. Nimefika nyumbani viatu vimejaa matope, nikakamata kalamu kabla ya kuvivua. Ni hasira.

Nilikuwa nimepanga leo niandike mambo ya furaha. Nilifua gauni la maua jana, nikalipiga pasi, nikalala nikifikiria vile nitakavyomkumbatia mtoto wangu. Sasa gauni limelowa mvua, na mimi nimekaa jikoni nikiandika mambo ambayo mwanamke wa Kikipsigis aliyelelewa vizuri hasemi.

Mimi ni mkavu.

Acha niandike tena, maana kuna watu leo wameniangalia usoni na hawakuamini. Mimi, Rael, ni mkavu. Huu ni mwezi wa nne tangu nishonwe, na mkojo unatoka pale ninapotaka mimi, wakati ninaotaka mimi. Kwa miaka sita haikuwa hivyo. Ulikuwa unajitokea wenyewe, nikiwa nimesimama, nikiwa nimelala, nikiwa katikati ya maombi. Vitambaa havikutosha. Mapaja yalichubuka. Kanisani benchi langu lilikuwa la nyuma kabisa, karibu na mlango, na hakuna mtu aliyewahi kuja kukaa nami hapo hata siku ya Krismasi.

Ndiyo sababu nilichuna chai za watu miaka yote hiyo. Asubuhi kwenye chai kila mtu amelowa. Umande unakushika mpaka kiunoni, na ile plastiki tunayojifunga mbele inamwaga maji miguuni, kwa hiyo hakuna anayejua maji ni ya nani. Niliipenda asubuhi. Jua likishatoka na wenzangu wakakauka, mimi nilihama nikaenda kuchuna peke yangu kwenye safu za mwisho.

Na chai yenyewe sikuinywa. Mtu akinywa kidogo anavuja kidogo, kwa hivyo mama alikuwa ananitilia nusu kikombe kwa huruma. Madaktari walinishona, wakaniambia ninywe maji mengi, mama akasikia kwa masikio yake, na bado wiki iliyopita amenitilia nusu kikombe. Mkono wake umezoea. Nilimfokea, halafu nikaona haya, halafu nikajaza kikombe mwenyewe.

Nieleze ilivyokuwa, kwa sababu leo nimeambiwa kwamba yaliyopita si ndwele.

Chelangat, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa na miaka minne nilipopata uchungu wa mtoto wa pili. Tuliishi kwa wazazi wa mume wangu Joseah, juu ya Sigowet. Mkunga alikuja, akaniambia nisukume. Nilisukuma siku ya kwanza, nikasukuma siku ya pili. Siku ya pili jioni mama mkwe akaanza kuniuliza nimtaje mwanaume mwingine niliyelala naye, kwa sababu mtoto anayekataa kutoka anangoja jina la baba yake litajwe. Sikuwa na jina la kumpa. Aliuliza tena na tena, kwa upole, akinipangusa jasho. Ule upole wake sijausahau.

Nyumba ile iko karibu na kituo cha majani chai, pale wakulima wanapopeleka majani yapimwe. Kila jioni gari la kiwanda huja kuyachukua. Kutoka kitandani nilisikia likipanda mlima, nikasikia magunia yakitupwa ndani, nikasikia likiondoka. Siku ya kwanza lilikuja. Siku ya pili lilikuja. Siku ya tatu jirani mmoja akamwambia baba mkwe kwamba niwekwe kwenye hilo gari, si linapita karibu na hospitali.

Baba mkwe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo. Alikuwa amesimama nje ya ukuta, karibu na kichwa changu, na nilisikia kila neno. Alisema nikimwaga damu kwenye gari, majani ya kituo chote yatakataliwa kiwandani na watu wote watapoteza jasho lao. Alisema gari haliwezi kuzunguka hospitali kwanza, kwa sababu majani hayalali.

Ni kweli. Hapa kwetu hata mtoto anajua hiyo. Majani ya chai yakichunwa leo lazima yafike kiwandani leo. Yakilala kwenye gunia yanapata joto, yanakuwa mekundu, na kiwanda kinayarudisha. Ndiyo maana barabara ya majani ndiyo hutengenezwa kwanza, na gari la majani likikwama kwenye matope wanaume wanaacha pombe, wanaacha chakula, wanakuja kulisukuma.

Majani hayakulala. Mimi nililala.

Kesho yake walinibeba na kitanda mpaka barabarani, tukapata pikapu ya kabichi. Mtoto alikuwa ameshakufa ndani yangu. Alikuwa mvulana. Hospitalini walimtoa akiwa maiti, wakanirudisha nyumbani, na wiki iliyofuata nikaamka godoro limelowa, nikafikiri ni jasho.

Nilikaa kwao mwezi mmoja, kwenye stoo ya mahindi. Halafu Joseah akanileta kwa mama yangu na begi moja. Chelangat alibaki, kwa sababu kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Nilipokuwa naenda kumwona, waliniwekea kigoda nje, upande ambao upepo unaelekea shambani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba yule mzee, baba mkwe, si mtu mbaya. Angekuwa mlevi au mpigaji ningemchukia nimalize. Huyu anaombea wagonjwa. Anasomesha yatima wawili. Alilia kwenye mazishi ya yule mtoto, nimeambiwa, machozi ya kweli, na jioni ile ile akaenda kituoni kuhakikisha gari limefika.

Mwaka huu, hospitalini nilikoshonwa, nililala karibu na Nyambura, mama wa Kikuyu muuza viazi kutoka upande wa Fort Ternan. Yeye na watoto wake walikimbia mwaka ule wa fujo za kikabila na nyumba yao ikachomwa, na waliochoma walikuwa watu wetu. Nilingoja anichukie. Siku ya kwanza aliniuliza tu kama nina kitambaa cha ziada. Wodi nzima tulikuwa wanawake wanaovuja, wengine wametoka mbali sana, na kila mmoja alikuwa amefika akidhani ni yeye peke yake duniani. Nilicheka humo ndani kuliko nilivyocheka miaka sita.

Nesi alituchorea kwenye karatasi. Kichwa cha mtoto kikikwama muda mrefu, kinabana nyama kati yake na mfupa, nyama inakufa, panabaki tundu. Hivyo tu. Nilikuwa nimefunga na kuomba, nimetubu dhambi ambazo sikutenda, nimewasamehe watu ambao hawakunikosea, na kumbe ni tundu. Nilimwambia Nyambura kwamba nimejisikia mjinga.

Akaniambia, "Wee Rael, sufuria ikitoboka huiti mhubiri. Unaita fundi. Hao watu wenu walikuitia mhubiri, na wetu pia, tuko sawa."

Siku waliyonitoa mpira wa mkojo, nilikaa kitandani nikiogopa kusogea. Nilingoja. Nikasimama. Nikatembea mpaka dirishani na kurudi, na shuka lilikuwa jeupe, kavu. Wanawake walianza kuimba, kila mmoja na lugha yake. Mshono wa Nyambura haukushika. Alilowa asubuhi ile ile. Aliimba na sisi hivyo hivyo, akisema fundi atarudi mwakani na yeye atakuwa wa kwanza kwenye foleni. Namfikiria kila siku, na kwa niaba yake pia nimekasirika.

Sasa nije kwa leo.

Nilienda na senge, dada ya marehemu baba, kwa sababu mwanamke haendi peke yake kuomba jambo kwa wakwe. Jambo lenyewe lilikuwa moja. Nilitaka Chelangat aje akae nami. Ana miaka kumi. Nimepona, nina chumba, shule iko karibu na kwa mama. Sikuenda kudai kitu kingine.

Walitupokea vizuri. Hiyo lazima niiseme. Walichinja kuku, wakatoa maziwa ya mursik kwenye kibuyu, na mama mkwe akanishika mikono yote miwili. "Chamgei, Rael." Niliingizwa sebuleni, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu siku ile ya stoo, nikaonyeshwa kiti kikubwa chenye kitambaa cheupe kilichofumwa. Nilikaribia kulia.

Nikaketi, na kiti kikapiga kelele. Chwaka, chwaka. Chini ya kile kitambaa walikuwa wametandika juala la plastiki.

Niliangalia viti vingine. Vitambaa tu.

Mzee aliomba. Aliomba kwa muda mrefu, akamshukuru Mungu aliyesikia maombi ya nyumba hii kwa miaka sita. Daktari hakutajwa. Chelangat akaleta chai. Amekuwa mrefu, ana shingo yangu. Alisimama mbali na kuninyooshea kikombe kwa mkono ulionyooka kabisa, na nikaona jambo ambalo sikutaka kuliona: alikuwa amefunga pumzi. Nilikunywa kile kikombe chote nikimwangalia, nikaomba kingine. Alishtuka. Alileta cha pili, na safari hii akasahau kufunga pumzi.

Halafu mama mkwe akasema lile tulilochinjiwa kuku.

"Rael, sisi hatuna neno na wewe. Wewe ni mtu wa hapa, tulikufunga segutiet kwa mkono. Lala hapa leo. Nimekuwekea ngozi safi ya ng'ombe, haina kitu juu. Kesho asubuhi mimi na wamama wawili wa kanisa tutaangalia. Ikiwa kavu, mambo imeisha. Unarudi kwa nyumba yako, na mtoto si ni wako hapo hapo?"

Segutiet ni ile nyasi ambayo bwana na bibi harusi hufungana mkononi. Kwetu ikishafungwa haifunguliwi, hata mkiachana miaka mingapi. Na waliikumbuka leo. Miaka sita nyasi hiyo haikuwa na kazi, leo majani yameiva na Joseah ana mwanamke mwingine mjini Kericho ambaye hajui hata kushika kikapu, ndipo wamekumbuka kwamba nimefungwa. Wanataka mchunaji. Wangeniambia hivyo ningewaheshimu.

Joseah alikuwepo. Alikuwa anakwaruza sakafu kwa ncha ya kiatu.

Senge ndiye aliyejibu kwanza. "Kwani ni mbuzi mnanunua, mpaka mmuangalie?"

Mama mkwe akasema si hivyo, ni kumwondolea mtu aibu, watu wasiongee. Na hapo nikafungua mdomo. Sijawahi kuongea mbele ya mzee yule bila kuulizwa. Hata leo sikupaza sauti. Nilimwambia mama mkwe kwamba sitalala kwenye ngozi. Nikamwambia madaktari walioniangalia walikuwa wanajua wanachoangalia. Kisha nikamgeukia mzee, nikamkumbusha gari la majani. Nikamwambia nilisikia kila neno kupitia ukutani. Nikamwambia kama ningekuwa gunia la majani, ningefika siku ile ile, na wanaume wangenisukuma kwenye matope.

Nilifikiri atanifukuza. Nilifikiri labda, labda tu, atasema pole.

Mzee aliweka kikombe chini polepole. Akasema, "Rael, unajua siku hiyo ni watu wangapi walikuwa wameweka majani kwa hiyo gari? Wajane walikuwa hapo. Watu wa karo ya shule. Kituo yote ingerudishwa. Ungekuwa wewe mwenyekiti ungefanya nini?"

Ameliwaza hilo miaka sita, na hesabu yake bado inatoka vilevile. Hakuna hata siku moja alipomuuliza mtu wa kiwanda kama damu ya mzazi kwenye mbao za gari ingeharibu majani yaliyo ndani ya magunia. Nilimuuliza hilo. Alisema tuombe tena.

Sikuomba. Nilisimama, juala likalia chwaka mara ya mwisho, nikachukua kitambaa chao nikakikunjua mbele yao wote kikavu, nikakitandaza juu ya kiti vizuri kama nilivyokikuta. Mama mkwe aliangalia pembeni. Senge akabeba mkoba wake. Kuhusu Chelangat, mzee alisema desturi iko wazi na mlango uko wazi, nikitaka mtoto nirudi nyumbani kwangu.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilikuwa nimewasamehe hawa watu hospitalini, kwa moyo wangu wote, nikiwa mbali nao.

Chelangat alitumwa atusindikize mpaka getini. Alitembea mbele, mimi nyuma yake, senge nyuma yangu, na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye miti. Nilitaka kumwambia mambo mengi na sikupata hata moja. Tulipofika getini akasimama. Hakuniangalia usoni. Alikuwa anavuta uzi kwenye pindo la sketi yake.

"Mama," akasema, "kogo anasema hiyo kitu iko kwa damu yetu. Mimi nitapata lini?"

Hakuuliza kama atapata. Aliuliza lini.

Miaka kumi, na mtoto ameshakaa kuingoja, kama wenzake wanavyongoja jino lililolegea lianguke. Ndiyo maana alikuwa anafunga pumzi. Hakuwa ananikimbia mimi. Alikuwa anajikimbia mwenyewe, na bibi yake, huyo kogo, aliyemlisha na kumvisha miaka sita ndiye aliyempa huo woga, kwa upole, nina hakika, akimpangusa uso.

Mawe ya mvua yalikuwa yameanza kudondoka. Nilichuchumaa kwenye matope na gauni langu la maua. Nilimweleza kila kitu: kichwa cha mtoto, mfupa, tundu, mpira, uzi wa kushonea, siku tatu, gari. Nilimweleza kama nesi alivyotueleza, nikichora kwenye matope kwa kidole. Senge alikohoa, kwa sababu mambo hayo hayaambiwi mtoto. Nikaendelea.

"Haiko kwa damu," nikamwambia. "Hutapata."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu siku yako ya kuzaa ikifika nitakuwa nimesimama katikati ya barabara, na gari itakayopita itasimama. Hata iwe imebeba nini."

Aliniangalia. Hatimaye aliniangalia. Mawe yalikuwa yanampiga kichwani na hakusogea. Akageuka akaangalia nyumba, akaangalia barabara.

"Na ng'ombe nani atakamua?"

"Wenye ng'ombe," nikasema.

Senge alitoa leso yake, akamfunika Chelangat kichwa, akamshika mkono, na tukatoka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikuiba mtu. Nilitembea polepole, mchana, na yeyote aliyekuwa mlangoni kwao angeweza kutuona na kutuita.

Sasa yuko pale kwa moto na mama, amevaa sweta yangu, anakula viazi vitamu. Mama anamuuliza habari za shule kwa sauti ya mtu anayeogopa. Anaogopa kwa sababu anajua kitakachofuata. Kesho au kesho kutwa mzee atakuja na wazee wenzake. Watasema mtoto ni wa ukoo, na kwa desturi watakuwa wamesema kweli. Watataja nyasi. Watataja ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu. Chifu pengine ataitwa, na chifu ni mtu wa chai pia.

Nami naogopa. Sina mwanaume wa kusimama upande wangu, nina senge mmoja mwenye mdomo na mama mmoja asiye nao. Sijui kama nitashinda. Inawezekana kabisa wiki ijayo nikawa nimeketi hapa hapa, bila mtoto, nikiandika mengine.

Lakini miaka sita hasira yangu ilikuwa inazunguka tu, haina pa kwenda, ikinila mimi mwenyewe kwa kukosa mwingine. Leo imepata kazi.

Waje.